Mchagua Jembe

Methali ya zamani yasema kuwa mchagua jembe si mkulima. Maana yake haina fumbo. Mtu akawiaye mbele ya majembe, akilipima hili na kulirudisha lile, akiutia ila mpini huu na kuyashuku makali yale, anatafuta udhuru wa kukaa kivulini. Mkulima wa kweli hutwaa jembe lililo karibu naye akaenda zake shambani. Methali hii imewachapa wavivu wengi, na hapana shaka walistahili kuchapwa.

Walakini mtu akifika Malolo, katika nchi ya Ruangwa na Nachingwea, majuma machache kabla ya mvua za Desemba, ataona jambo lisilopatana na methali. Watu wanaosifiwa kwa kilimo ndio walio wagumu kuliko wote katika kuchagua. Mpini wa dukani hawautaki; huchonga wao wenyewe. Huupunguza unene mahali kiganja kinapofumba, huukata urefu kwa kadiri ya kimo cha mwenye kulima, hulijaribu jembe hewani mara mbili tatu, kisha huuchonga tena. Mkulima mmoja hutaka chuma kizito, kwa kuwa shamba lake lina udongo wa kushikamana, na jembe jepesi hudunda juu yake kama linalocheza. Mwingine hutaka chepesi, kwa kuwa ana palizi ya ufuta na siku ni ndefu. Uani nako mambo ni yayo hayo. Mchi wa mpingo ni mzito. Mti huo ukitupwa majini huzama. Mchi kama huo ukishuka kinuni hutwanga kwa uzito wake wenyewe, wala mikono haina haja ya kuusukuma. Lakini kila unaposhuka lazima upandishwe, na hapo ndipo mabega hulipa. Mama mwenye busara hampi binti wa miaka kumi mchi wake mwenyewe. Humpa mwembamba, na hapana jirani anayesema kuwa binti huyo anadanganya kinu.

Yaweza kujibiwa kuwa nchi hiyo hiyo imepata kutoa ushahidi mkubwa upande wa methali. Tangu mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Kongwa, Urambo na Nachingwea mpango wa kulima karanga kwa mitambo. Watu wa mpango ule walichagua majembe kuliko mtu yeyote aliyepata kulima Tanganyika: matingatinga, malori, na hata vifaru vilivyobaki katika vita vikageuzwa kuwa matrekta. Ilikusudiwa kulimwa zaidi ya ekari milioni 3. Reli ikajengwa toka pwani mpaka Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa katika vitabu vya hesabu, na katika miaka ya mwanzo ya 1960 reli nayo ikafungwa na kung'olewa. Wachaguzi hawa hawakuwa wakulima. Lakini kosa lao halikuwa kuchagua. Lilikuwa kuchagua bila mkono: uzito ulikatwa shauri London, na udongo ulikuwa Kongwa na Nachingwea.

Basi liko swali ambalo methali imelipita bila kuligusa. Chombo kikisha kutengenezwa upya ili kimfae mwenye kukishika, sifa ya kazi iliyotendeka ni ya nani? Ni ya mkono au ni ya chombo? Shambani swali hili halina ukali, kwa kuwa mtama hauulizi umelimwa kwa jembe gani. Ukali wake waonekana mahali ambapo mkono hushindanishwa na mkono, na kila kilichoongezwa katika chombo au kupunguzwa huhesabiwa kwa gramu. Mahali hapo papo. Ni katika mashindano ya kulenga shabaha kwa bastola.

Kwa mtu wa kusini mfano huu unaweza kuwa na ladha mbaya mdomoni, na haifai kumtaka aimeze bila kutafuna. Katika nchi yake silaha haikuja kama mchezo. Mwaka 1905, katika vita vya Maji Maji, Wamwera walikuwa miongoni mwa walioinuka, na misheni ya Nyangao ikachomwa moto. Waliitikiwa kwa bunduki za kisasa na bombomu, ilhali wao walikuwa na mikuki, mishale na magobore ya kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. Tangu mwaka 1965 Nachingwea ikawa na kambi ya FRELIMO, ambamo vijana wa Msumbiji walifundishwa vita mpaka nchi yao ilipopata uhuru mwaka 1975. Leo gobore la mwindaji na bastola ya tajiri vyote viko chini ya sheria ya silaha ya mwaka 2015, na asiye na leseni hana ruhusa ya kumiliki hata kimoja. Hivi ndivyo inavyopasa kuwa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, kwamba bastola ni chombo cha kutisha, yafaa kutazamwa wanadamu wamekifanya nini walipotaka kukitoa katika vita na kukitia katika mchezo. Walichofanya kwanza ni kukipima.

Katika shindano la Olimpiki la kupiga haraka kwa umbali wa mita 25, mshindani husimama ameinamisha mkono mmoja wenye silaha. Shabaha 5 zikijitokeza huuinua mkono na kuipiga kila moja risasi moja: mara ya kwanza kwa sekunde 8, kisha kwa sekunde 6, kisha kwa sekunde 4. Risasi zote ni 60. Mkono wa pili hauna kazi, na kifundo cha mkono wenye silaha hakiruhusiwi kuegemezwa wala kufungwa. Bastola yenyewe haipaswi kuzidi gramu 1,400. Kifyatulio, kile kijino kinachovutwa na kidole, hakipaswi kulegea hata kikavutika kwa uzito wa chini ya gramu 1,000. Tena lazima silaha nzima iingie katika sanduku lenye urefu wa milimita 300, kimo cha milimita 150 na upana wa milimita 50. Kabla ya shindano mwamuzi huiweka mizanini, huitia sandukuni, hutundika jiwe la mizani katika kifyatulio. Silaha iliyovuka mpaka hurudishwa, iwe ya bingwa au ya mgeni.

Kwa nini uzito uwe na neno kubwa hivi? Risasi inapokwenda mbele, silaha husukumwa nyuma kwa nguvu iliyo sawa. Ichukuliwe risasi ya gramu 8 inayotoka kwa mwendo wa mita 350 kwa sekunde, na iachwe kando gesi ya baruti ili hesabu iwe nyepesi. Bastola ya gramu 700 itarudi nyuma kwa mwendo wa mita 4 kwa sekunde. Bastola ya gramu 1,400 itarudi kwa mita 2 tu, na nishati inayoupiga mkono itakuwa nusu: jouli 2.8 badala ya 5.6. Mfano huu haukutungwa hewani. Ziko bastola za siku hizi zenye kiunzi cha plastiki ngumu, kama Glock 17, ambazo pamoja na kasha tupu la risasi uzito wake ni gramu 700 hivi. Na ziko za kiunzi cha feleji, kama CZ Shadow 2 iliyotengenezwa kwa mashindano, zinazokaribia gramu 1,330. Anayetoka katika ya kwanza akaishika ya pili huona kuwa mdomo wa mtutu, uliokuwa ukiruka kila baada ya risasi, sasa huinuka kidogo tu na kurudi mahali pake. Huweza kudhani kuwa amekuwa hodari katika muda wa nusu saa.

Asubiri kwanza. Uzito uliomtuliza una madai yake. Mkono ulionyooka mbele ya bega ukibeba kilo moja na nusu kasoro, ukainuliwa na kushushwa kwa risasi 60, huanza kutetemeka kwa namna nyingine, si kwa woga tena bali kwa kuchoka. Tena kitu kizito kikisha kutulia ni kigumu kukihamisha, na kikisha kuhama ni kigumu kukisimamisha: katika sekunde 4 za shabaha 5, bastola iliyotulia vizuri mbele ya shabaha ya kwanza huweza kuipita ya tatu kabla mwenyewe hajaizuia. Wala si gramu peke yake zinazotenda hayo. Kipande cha chuma kikitiwa ndani ya mpini, karibu na kiganja, hakileti tofauti kubwa katika kugeuza silaha. Kipande kile kile kikifungwa chini ya mdomo wa mtutu hubadilisha tabia yake yote. Mtwangaji aliyewahi kutwanga kwa mchi uliovimba chini na kwa mchi uliovimba juu, vyote viwili vya uzito mmoja, hana haja ya kufundishwa jambo hili na mwalimu wa elimu ya maumbile.

Hapa panaonekana tofauti ya kwanza kati ya marekebisho na marekebisho. Yako yanayokusudia kuukutanisha mkono na chombo. Walenga shabaha huuchonga mpini wa mti wa bastola zao kama watu wa Malolo wanavyochonga mpini wa jembe: huutoa unene hapa, huujaza pale, hata umbo la mpini likawa umbo la kiganja cha mtu mmoja duniani. Kanuni za mita 25 zaruhusu hayo, mradi mpini usiupande mkono na kukikamata kifundo. Marekebisho ya namna hii hayamwondolei mtu kazi yoyote, humwondolea ugomvi. Na yako yanayokusudia kufanya kazi ya mkono badala ya mkono. Mfano wake ni kifaa kinachofungwa mdomoni mwa mtutu, chenye matundu yanayoitoa gesi kuelekea juu, ili gesi hiyo iushindilie mtutu chini wakati ule ule unapotaka kuinuka. Kwa kifaa hicho kazi ya kuutuliza mtutu, ambayo mtu mwingine huifanya kwa kifundo kilichofundishwa kwa miaka, hufanywa na baruti. Katika mashindano ya mita 25 ya Olimpiki kifaa hicho kimekatazwa.

Katika mchezo mwingine hakikukatazwa; kimetengewa mahali. Mwaka 1976, katika mji wa Columbia, Missouri, Marekani, paliundwa shirikisho la kimataifa la mashindano ya bastola ambayo mshindani hutembea, hugeuka na hutumia mikono miwili. Wito wake wa Kilatini wataja mambo matatu: usahihi, nguvu na kasi. Mchezo wa aina hii umefika Afrika Mashariki, na Wakenya huucheza, hata uko uwanja wao Kirigiti katika kaunti ya Kiambu. Huko silaha zimegawanywa katika madaraja. Daraja moja liko wazi kwa takriban kila marekebisho, kuanzia kifaa cha gesi mpaka kilengeo cha nuru. Jingine laitaka bastola ibaki karibu na jinsi ilivyotoka kiwandani. Mwenye hiki hashindani na mwenye kile. Ni ufumbuzi wa watu wenye akili, ingawa haukuliondoa swali, bali umelipa vyumba vingi vya kulala.

Maana uzito wenyewe uingie chumba gani? Kipande cha risasi kilichofungwa chini ya mtutu hakina akili ya kuelekeza gesi. Hakitendi, hukataa tu. Hata hivyo kwa kukataa kwake kinaifanya kazi ambayo ilikuwa ya kifundo cha mkono. Basi mtu mkali ataweza kusema kuwa uzito ni udanganyifu wa kimyakimya, na mtu mpole atasema kuwa ni mpini tu wa namna nyingine. Wote wawili wamesahau bega. Uzito ni msaada unaolipiwa papo hapo, na anayelipa ni yule yule anayesaidiwa. Kila gramu iliyoongezwa ili kuutuliza mtutu imeongezwa pia katika mkono unaoubeba, na asiyeujenga mkono wake hawezi kuifaidi. Kifaa cha gesi hakidai malipo kama hayo. Bei yake imekwisha kulipwa dukani, na pengine aliyelipa ni mtu mwingine. Hii ndiyo sababu kwamba kanuni zinaweza kuwa na upole kwa uzito, zikauacha ufike mpaka fulani, na zikawa na ukali kwa vifaa.

Maneno hayo yana nguvu, lakini hayajapita motoni. Katika miaka ya 1950 mafundi wa Muungano wa Kisovieti walitengeneza bastola ya ajabu. Waliipindua: mtutu, ambao katika kila bastola hukaa juu ya ngumi, wakauweka chini, mkabala wa mkono wenyewe. Mtutu ukiwa juu ya ngumi, nguvu ya kurudi nyuma huwa na kitu cha kuzungukia, na mdomo huruka. Ukiwa mkabala wa mkono, nguvu ile husukuma moja kwa moja kuelekea begani, na mdomo hukaa. Silaha hiyo ilionekana katika Michezo ya Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956. Baadaye kanuni zikabadilishwa, na bastola ya namna hiyo ikakatazwa.

Je, walidanganya? Hapakuwa na kanuni waliyoivunja. Hawakuongeza uzito wa kujificha, wala kifaa cha gesi. Walifikiri tu, na fikira ni sehemu ya mtu kama mkono ulivyo. Kwa kipimo cha malipo, bastola ile ilikuwa imelipiwa kwa akili, na akili haistahili kudharauliwa. Ila akili ile ilikuwa ya fundi, na nishani huvikwa shingoni mwa mlengaji. Walioikataza hawakusema kwamba ni mbaya. Walikataa tu shindano lao lisiwe la viwanda. Mtu anaweza kuwaonea huruma mafundi wale bila kuwalaumu waamuzi. Jambo lenyewe lilirudi kwa namna nyingine baada ya Michezo ya Athens ya mwaka 2004, wakati kanuni za kupiga haraka zilipobadilishwa tena na risasi fupi ya zamani ikaondolewa. Bastola zilizotengenezwa kwa ajili yake, zilizokuwa fahari ya wenyewe, zikawa mapambo ya kabati. Na shindano la mita 50, ambalo uzito wa silaha na wa kifyatulio viliachwa huru, likaondolewa katika Olimpiki baada ya Rio 2016. Uhuru kamili wa chombo umezidi kufinywa kila mara ulipojaribiwa.

Upande wa pili wa mizani uko mkono, na habari yake kubwa ni ya Károly Takács. Askari huyu wa Hungaria alikuwa mlengaji wa mkono wa kulia. Mwaka 1938 bomu la mkono lililipuka na kuuharibu mkono ule. Akaanza upya kwa wa kushoto. Mwaka 1948, katika London, alishinda shindano la kupiga haraka kwa alama 580, ambazo wakati ule zilikuwa rekodi ya dunia. Mwaka 1952, katika Helsinki, akashinda tena. Yeye hakurekebisha bastola, alirekebisha mtu. Dunia nzima ilimsifu, wala hapana mwamuzi aliyetaka kumpima kama ule mkono wa kushoto ulikuwa halali.

Kwa nini basi badiliko la mkono lisifiwe na badiliko la chombo lishukiwe? Jibu la haraka ni kuwa la kwanza hununuliwa kwa taabu na la pili kwa fedha. Jibu hilo hupendeza, hasa kwa maskini. Lakini kijana wa Malolo akiulizwa atalitia dosari mara moja. Taabu nayo huhitaji muda, na muda una bei yake. Anayeweza kusimama uwanjani saa tatu kila siku akiinua na kushusha mkono, kuna mtu mwingine anayelima chakula chake. Mwanajeshi hulipwa ili afanye mazoezi. Mkulima wa korosho akiyafanya mazoezi hayo wakati wa kupalilia, mwaka ujao atakuwa na mkono imara na ghala tupu. Basi hata mkono ule unaosifiwa kuwa ni wa mtu mwenyewe umejengwa kwa vitu asivyoviumba: baba aliyeweza kumwacha, mshahara ulioendelea, tumbo lililoshiba. Mizani ya mwamuzi hupima gramu 1,400. Haina mahali pa kuiweka miaka kumi ya faragha.

Kutokana na hayo wako wanaofikiri kuwa kipimo chote ni mchezo wa kuigiza, na kwamba haki isiyotimia haina tofauti na dhuluma. Fikira hii yafaa ikataliwe, na nchi ya Malolo inayo sababu mbili za kuikataa zilizo bora kuliko za vitabuni.

Ya kwanza ni mwaka 1905 uliokwisha kutajwa. Katika vita hapana anayeipima silaha ya mwenziwe ili zilingane. Bombomu halikuulizwa uzito wake, na aliyesimama mbele yake na gobore hakuwa na mwamuzi wa kumlalamikia. Ubora wa mkono, ushujaa, shabaha ya mwindaji aliyezoea kumlenga mnyama kwa risasi moja kwa kuwa ya pili haipo, vyote havikuwa na thamani mbele ya chombo. Waliokufa katika vita vile na katika njaa iliyofuata huhesabiwa kwa makumi ya maelfu kwa uchache. Mahali ambapo chombo ndicho kila kitu, mtu si kitu. Hilo halikusomwa na watu wa kusini, liliwapata. Mashindano yasiyo kamili ya haki, ambayo hata hivyo humlazimisha mwenye nguvu kuiweka silaha yake mezani ipimwe mbele ya mnyonge, yako mbali na hali ile, na umbali huo si wa kudharauliwa kwa sababu tu haukufika mwisho.

Ya pili ni kangomba. Kila mkulima wa korosho wa Lindi na Mtwara analijua jina hili. Ni ununuzi wa kichochoro: mlanguzi humfuata mkulima aliyebanwa na shida kabla ya msimu, hununua kwa bei anayoitaka yeye, tena kwa chombo cha kupimia kinachomfaa yeye. Mkulima huona macho kwa macho kuwa kipimo kimezidi, na hukubali, kwa kuwa mtoto ni mgonjwa au ada inadaiwa. Tangu mwaka 2007 korosho zimeingizwa katika utaratibu wa stakabadhi ghalani, ambamo mzigo hupelekwa chamani, hupimwa kwa mizani na kuuzwa kwa mnada. Utaratibu huo una manung'uniko yake, na mengine ni ya haki: malipo yanaweza kuchelewa, makato yanaweza kuwa mengi. Wala mizani haikuondoa umaskini uliomfanya mtu auze kwa kangomba. Lakini mkulima anayenung'unikia mizani ya ghalani ana kitu cha kunung'unikia, kinachoonekana, chenye namba. Anaweza kusema kuwa jana mzigo huu ulikuwa na kilo 60, leo mbona ni 57? Mbele ya kangomba hakuwa na neno hilo.

Hata mizani, kwa hiyo, ni chombo kinachoweza kurekebishwa, na mwenye kuirekebisha hupata kuliko bingwa yeyote wa bastola. Ndiyo maana waamuzi huruhusu silaha kupimwa tena hata baada ya kupiga. Wamejua kuwa mtu anayetaka gramu 20 zaidi huweza kuzifunga baada ya kupimwa. Asiyemfahamu mwanadamu angeona kuwa hiyo ni dharau kwa washindani. Washindani wenyewe hawaoni hivyo, kwa kuwa kila mmoja hujua alivyoshawishika.

Na methali je? Mchagua jembe si mkulima: labda aliyeitunga alikuwa amesimama dukani, si shambani, na mtu aliyemwona alikuwa akichagua kwa macho. Kuchagua kwa macho ni kazi ya mvivu na ya wale wa karanga. Kuchagua kwa mkono ni jambo jingine. Mkulima anayeupunguza mpini kidogo, akalima mistari miwili, akarudi kuupunguza tena, anaulizana na jembe lake, na jibu analipata mgongoni. Huyo hawezi kuambiwa kuwa sifa ni ya chombo, kwa kuwa ndiye aliyekifanya. Wala hawezi kuambiwa kuwa sifa yote ni yake, kwa kuwa akiazimwa jembe la jirani hulima nusu ya alivyozoea, na yeye mwenyewe hukiri.

Mlengaji naye huweza kukiri hayo, na mara nyingine hulazimishwa. Bastola yake ikiwekwa mizanini ikaonyesha gramu 1,406, hapana anayemfukuza papo hapo. Huambiwa aondoe kilichozidi, na muda ukiwapo huenda pembeni na bisibisi, akafungua kipande kidogo cha chuma alichokiweka chini ya mtutu miezi mingi iliyopita, akakitia mfukoni. Silaha ikapimwa tena, ikapita. Gramu zilizotoka ni chache mno, na mtazamaji hataona tofauti yoyote. Lakini mkono ulioinua chombo kile mara elfu nyingi sasa unainua kingine, na shabaha zitajitokeza kwa sekunde 4 tu.